Kufunguliana daftari: kisa cha waanikaji dagaa wa mwalo wa Katonga

Kwenye mialo ya Kigoma, yaani fukwe wanakoshushia samaki, vikundi havijawahi kupungua. Mwanamke mmoja anayeanika dagaa anaweza kuwa na kikoba siku ya Jumatatu, mchezo wa upatu Ijumaa, na chama cha kuzikana juu yake. Hisa zinanunuliwa, mikopo inatolewa, mwisho wa mwaka watu wanagawana na kufurahi. Lakini mwulize mwanachama huyo ni nani kati ya wenzake anayejua kilo moja ya dagaa wake inamgharimu shilingi ngapi mpaka ikauke. Hakuna. Wenzake wanajua hisa zake, biashara yake hawaijui. Na mara nyingi hata yeye mwenyewe haijui.

Kisa hiki ni cha kikundi kilichojaribu kuvuka hapo. Nimekiandika kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo wahusika hawana majina, hesabu zao ni za mfano, na matukio ya ndani ya kikundi nimeyaunganisha yasimwelekee mtu yeyote. Ziwa, kazi, miaka na kanuni za Serikali ni vya kweli.

Wanawake 16 wanaoanika dagaa Katonga, Kigoma Ujiji, walikuwa na kikoba cha kawaida kwa miaka kadhaa. Wachache wao waliona kwamba kila mwaka wanagawana fedha, ila mtaji wa mtu ukikata leo, atakopa, ataanza upya, na baada ya msimu mmoja utakata tena palepale. Wakakubaliana waongeze kikao cha pili, kisichohusu hisa wala mikopo. Humo kila mtu angeeleza biashara yake ilivyokwenda na wenzake wangeuliza maswali. Kikao hicho walikiweka siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na mwezi ukishakuwa mpevu mwanga wa taa hauvuti samaki kama inavyotakiwa, hivyo vyombo vingi hupumzika. Mwalo ukitulia ndipo mwanikaji anapata nafasi ya kukaa. Naupenda uamuzi huu kuliko mengi waliyoyafanya baadaye, kwa sababu ratiba ilifuata kazi ya watu. Nimeona vikao vingi vya mafunzo vikipangwa asubuhi ya siku ambayo vyombo vimeingia na samaki, halafu waandaaji wanalalamika kwamba akina mama hawana mwamko.

Siku hesabu ilipotajwa kwa sauti

Vikao vya mwanzo havikuwa na maana kubwa. Watu walisema "tunamshukuru Mungu, inakwenda hivyohivyo", wakapongezana, wakaondoka. Biashara ni siri, na pale mwaloni siri hiyo ina sababu zake: wote mnanunua kwa wenye vyombo walewale, mnaanika mchanga uleule, mnamwuzia mnunuzi yuleyule wa Dar es Salaam au wa Kongo. Ukisema umepata, kesho utaombwa mkopo. Ukisema umepoteza, tajiri akisikia hakupi tena mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye.

Kilichobadilisha hali ni mama mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyesema, "Leo mimi nataja yote, na asiyetaka kusikia azibe masikio." Akaanza. Alinunua kilo 100 za dagaa wabichi kwa 5,000, jumla 500,000. Wabebaji na uoshaji 20,000. Ushuru 10,000. Vibarua wa kuanika na kugeuza 30,000. Viroba na mahali pa kuhifadhi 10,000. Dagaa mbichi sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo wale kilo 100 walipokauka walibaki kilo 28. Aliwaanika mchangani, na mnunuzi aliingiza mkono kwenye kiroba, akawachambua kiganjani, akampa 20,000 kwa kilo kwa sababu ya mchanga. Akapata 560,000.

Binti yake, aliyekuwa anaandika, alijumlisha gharama: 570,000. Kulikuwa na hasara ya 10,000, na hapo siku zake mbili za kazi hazijahesabiwa.

Ukumbi haukucheka. Kwa muda mrefu mama yule alikuwa akiamini kwamba anapata 60,000 kila mzunguko, kwa kuwa alinunua kwa 500,000 na kuuza kwa 560,000. Zile 70,000 nyingine zilitoka mfukoni kidogo kidogo, hazikuwahi kukaa kwenye mstari mmoja. Jirani yake alikuwa amenunua siku hiyohiyo kwa bei ileile, ila aliwaanika kwenye chanja za wavu zilizoinuliwa juu ya ardhi, akauza kwa 24,000. Kilo 28 zikampa 672,000, na faida ya 102,000. Wote wawili walikuwa wamezungukwa na wataalamu, mabango na semina zinazosema chanja ni bora kuliko mchanga, na mama yule alikuwa amezisikia zote. Alichokuwa hajawahi kuona ni tofauti hiyo ikiwa ndani ya fedha yake mwenyewe, ikitoka kinywani mwa mtu anayeanika hatua chache kutoka alipo yeye.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kutaja yake. Wasiojua kusoma walitaja kwa mdomo, kituo kwa kituo, wenzao wakirudia jumla kwa sauti ili kila mtu aishike. Daftari lilikuwepo, lakini lilikuwa msaada tu.

Kiti kinachozunguka

Sambamba na hilo waliamua uenyekiti usikae kwa mtu mmoja. Kila baada ya miezi mitatu kiti kinahama. Aliyetoka anakaa kando ya aliyeingia kwa kipindi kizima, haruhusiwi kuongoza, anaruhusiwa kumnong'oneza. Kabla ya kufika kwenye kiti, mtu hupitia kutunza muda, kisha kutunza daftari.

Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia na kuona jinsi mwanagenzi anavyoanzia kwenye kazi za kumalizia nguo, kama kukunja pindo, na kukata kitambaa kunakuja mwishoni, maana ukikosea kukata kitambaa kimepotea. Mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger waliandika kwamba kujifunza ni kusogea hivyo, kutoka pembezoni kuelekea katikati ya kazi ya kundi. Wanawake wa Katonga hawakuhitaji kumsoma mtu ili walijue hilo, kwa kuwa hata kuanika wenyewe walijifunza kwa kuanza kuokota dagaa waliodondoka. Jipya kwao lilikuwa kuona kwamba uongozi nao unafundishika kwa njia hiyo, kwamba si kipaji cha yule mwenye sauti kubwa au mwenye mtaji mkubwa.

Bei ya 21,000

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kisa chenyewe.

Mmoja wa wanachama hakuwa mwanikaji tu. Alikuwa pia mnunuzi: alikusanya viroba vya wenzake na kuvipeleka Dar es Salaam, na wengi mle walikuwa wameanza biashara kwa mali kauli yake. Wote walimwita Mama Mkubwa. Alikaa kwenye vikao vyote, akasikia hesabu zote. Vikao kadhaa baadaye, mwanachama mmoja mwenye mgonjwa nyumbani alihitaji fedha haraka akampelekea mzigo. Bei ya mwaloni wiki ile ilikuwa 24,000. Mama Mkubwa akampa 21,000.

Kwa nini 21,000? Chukua ile 570,000, gawa kwa kilo 28: ni kama 20,400. Mama Mkubwa alijua mwenzake akiuza chini ya hapo anapata hasara na atakataa, na akiuza juu kidogo tu ya hapo, kwa shida aliyonayo, atakubali. Bei ile ilipangwa kwa kutumia daftari la kikundi.

Habari zikasambaa kabla ya jioni. Kwenye kundi lao la WhatsApp watu walirushiana ujumbe wa sauti, wengine wakidai afukuzwe, wengine wakisema hivi ndivyo inavyokuwa ukiropoka mambo yako. Aliyekuwa kwenye kiti kipindi hicho alikuwa mdogo kuliko karibu wote, mwanamke wa miaka 27, na yeye pia beseni lake la kwanza la dagaa alipewa na Mama Mkubwa huyohuyo.

Hakujibu chochote kwenye simu. Alimchukua mwanachama mzee kuliko wote wakaenda nyumbani kwa mhusika baada ya magharibi. Akaamkia, akakaa chini, akasubiri chai iishe.

"Mama, kesho nitalitaja lile jambo la bei kikaoni. Nimeona si vizuri ulisikie kwanza mbele ya watu."

"Kwani mimi nimeiba, mwanangu? Nimenunua kwa bei aliyoikubali mwenyewe."

"Hujaiba, mama. Ila ile hesabu alikupa kama mwenzake, wewe ukaitumia kama mnunuzi."

Mzee aliyekwenda naye hakusema kitu, kuwepo kwake kulitosha. Kikao cha kesho yake kilikuwa kirefu, lakini hakikuwa na matusi, na Mama Mkubwa alikuja. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo uongozi ulipofanyika. Kama mwenyekiti yule kijana angelitaja jambo kikaoni bila kwenda nyumbani, angekuwa amemvunjia heshima mkubwa wake na nusu ya kikao wangemtetea kwa sababu hiyo tu. Kama angekwenda nyumbani na kulimaliza hukohuko kimyakimya, wanachama wengine wangejua kwamba mwenye mtaji ana mlango wake. Alizifuata njia zote mbili kwa mpangilio unaotakiwa. Semina ya uongozi ya siku mbili haiwezi kumfundisha mtu hilo. Alilipata kwa kukaa kwenye kiti wakati jambo lina moto, na pembeni yake kuna mtu aliyewahi kukikalia.

Kikaoni kulikuwa na njia tatu. Kumfukuza Mama Mkubwa, na kupoteza mtu pekee anayejua safari ya kiroba kutoka Kigoma mpaka sokoni Dar es Salaam. Kufunga madaftari na kurudi kwenye kikoba. Au kutenganisha mambo. Walichagua kutenganisha: kikao kikawa na sehemu mbili, na kwenye sehemu ya gharama yeyote anayenunua mzigo kwa mwanachama mwenzake anatoka nje. Kwenye sehemu ya pili, ya ubora, masoko na madeni, wote wanakaa. Bei ambayo mtu ameshapatana na mteja wake ikabaki siri yake. Na Mama Mkubwa akakubali kuwafundisha kile wanunuzi wa mjini wanachokagua: mchanga, unyevu, harufu, vichwa vilivyovunjika, dagaa wa jana kuchanganywa na wa leo.

Wanachama wawili waliondoka wakisema imani yao imekwisha. Siwalaumu. Aliyeuza kwa 21,000 hakuongezewa fedha yoyote, na hilo naona ni dosari ya uamuzi wao. Kikundi kilitengeneza kanuni ya kesho bila kumfuta machozi aliyeumia leo.

Wanaosoma habari za makundi ya wakuu wa biashara ya nchi nyingine wataliona jambo hapa. Mwaka 1957, Milwaukee, Marekani, mfanyabiashara Robert Nourse aliwakusanya wakuu wenzake wa kampuni wawe wanaelezana matatizo yao na kushauriana. Kutokana na kundi hilo ilikua taasisi inayoitwa leo Vistage. Makundi ya aina hiyo hulindwa na kanuni moja kubwa: wanaokaa pamoja wasiwe washindani. Mwenye kiwanda anakaa na mwenye hospitali, hakuna anayeweza kuitumia hesabu ya mwenzake kumnyang'anya mteja. Kanuni hiyo ukiileta Katonga ilivyo, kikundi hakipo. Pale mwaloni kila mtu ni mshindani wa kila mtu, na hapohapo ni jirani, shemeji, na mdai. Ulinzi inabidi utoke kwingine: kwenye kuamua kabla ni taarifa ipi inafunguliwa, mbele ya nani. Nashauri yeyote anayeanzisha jumuiya ya wafanyabiashara wa bidhaa moja, iwe asali ya Tabora au mawese ya hapa Kigoma, alimalize swali hilo kikao cha kwanza, asisubiri mpaka bei ya 21,000 itokee.

Miezi mitatu bila chombo ziwani

Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mkataba wa kulisimamia kwa pamoja ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na kwa kuwa samaki wamekuwa wakipungua, nchi hizo zilifikia kukubaliana kupumzisha uvuvi kwa msimu. Kwa upande wa Tanzania ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kwa mwanikaji kipindi hicho kinauma mara mbili. Ni kiangazi, jua la Kigoma liko vizuri kuliko miezi yote, na ndipo dagaa angekauka upesi bila kunyeshewa.

Kwenye kikao cha mbalamwezi ya Februari mwenyekiti mpya aliuliza swali moja na kumzungukia kila mtu: miezi mitatu hiyo deni lako litalipwa na nini? Wanachama 14 waliobaki walijibu mmoja mmoja. Sita walikuwa na mikopo ya kausha damu, ya kurejesha kila wiki, na wawili kati yao walikuwa wakikopa kwa huyu kumlipa yule. Katika kikoba cha zamani jambo hili lingejulikana Juni, watu wakiwa wameshauza masufuria.

Walikubaliana kwamba kuanzia Aprili hakuna atakayechukua mkopo wa kila wiki. Wenye madeni makubwa wasinunue mzigo mkubwa siku za mwisho kwa tamaa ya bei kupanda ziwa likifungwa, kwa sababu Aprili bado mvua ipo na dagaa wakinyeshewa kwenye mchanga wanaoza na deni linabaki. Wenye chanja waliwapa wenzao nafasi za kuanika kwa zamu. Viroba vilivyokauka vizuri vikawekwa pamoja kwenye chumba kimoja, juu ya mbao, mbali na ukuta. Wawili hawakulisikia shauri hilo, wakanunua mali kauli wiki ya mwisho, na mvua ikawapata. Wenzao waliwasaidia kuokoa walichoweza, deni wakaachiwa wenyewe.

Ziwa lilipofungwa, wengi walirudi kwenye mihogo na maharage, mmoja akajiunga na dada yake kukamua mawese. Vikao havikusimama. Walitumia kiangazi kutengeneza chanja zaidi, mbao kwa mchango na wavu kwa fedha ya kikoba, hivi kwamba Agosti kila mwanachama alikuwa na angalau chanja moja. Nafasi moja waliiacha. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ina kampasi Kibirizi, ndani ya manispaa hiyohiyo, na miezi mitatu ya mikono mitupu ndiyo ilikuwa miezi ya kwenda kubisha hodi pale. Jumuiya ya namna hii ikizoea kujifunza yenyewe kwa yenyewe huanza kudhani kila kitu kiko ndani, na mambo ya ukaushaji, ufungashaji na viwango si ya kubahatisha.

Katikati ya kipindi hicho mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Wengine walitaka waombe kiasi kikubwa iwezekanavyo. Safari hii mjadala haukuwa wa kubishana kwa hisia. Kila mmoja alijua mzunguko wa mwenzake unabakiza kiasi gani, wakapiga hesabu ya marejesho kwa miezi tisa badala ya kumi na miwili, ili miezi ya ziwa kufungwa isihesabiwe. Kiasi walichopanga kuomba kikawa chini ya nusu ya kile kilichotajwa mwanzo. Mkopo wa kikundi ni deni la wote, na ukiomba pamoja na watu ambao hesabu zao huzijui, umemdhamini mgeni.

Swali lililobaki mezani mwao ni la wenye vyombo. Matajiri watatu wa mitumbwi waliposikia kwamba kikundi kina mzigo safi na wanachama wanaolipa, waliomba kuingia. Baadhi ya wanawake wanaona ni heri, maana kumjua anayekuuzia samaki mbichi ni nusu ya faida. Wengine wanakumbuka bei ya 21,000. Mimi nasimama na hawa wa pili: wenye vyombo waalikwe kwenye sehemu ya pili ya kikao kila mbalamwezi kama wageni, waseme yao, waulizwe maswali juu ya nyavu na juu ya samaki wadogo wanaowaleta, na saa ya daftari wasiwepo. Uanachama uzungumzwe tena baada ya msimu mmoja kamili wa uvuvi, na atakayeongoza mjadala huo awe mwanikaji asiyedaiwa na yeyote kati yao.